Shuka Kwenye Picha ya Mkuu

Jioni ya Jumatano Mama Obdulia alikuwa bado anamgombeza mpishi kwa kuunguza maziwa. Alfajiri ya Alhamisi alikuwa maiti. Na kabla jua halijatokeza juu ya mashamba ya kahawa, dada yake Chepa alikuwa amekwisha kupanda kwenye kigoda, mashuka yamejaa begani, anafunika vioo.

Pale Moca, mji wa wakulima wa kahawa, hakuna anayeuliza kwa nini. Mtu akifa, kioo hufunikwa, maana roho inayotoka ikijiona kwenye kioo hubabaika, ikasahau njia, ikabaki mle ndani inagonga milango mpaka wenye nyumba wahame. Chepa alianza na kioo cha kuvalia. Akafunika kabati la vyombo vya kaure, kwa sababu lina milango ya kioo. Akafunika saa ya ukutani. Akafunika Moyo Mtakatifu wa Yesu, akiomba radhi. Alipofika sebuleni alikuwa amebakiwa na shuka moja, lile lililotariziwa maua ya samawati pembeni. Akainua macho, akaona kioo kingine kikubwa kinamng'aria, akakifunika nalo, akashuka kigodani akipangusa mikono.

Hakuna aliyemwona. Doña Eudosia, mkamwana wa marehemu na mwenye nyumba, alikuwa jikoni kwenye chungu cha chai ya tangawizi ya waombolezaji. Mumewe, Don Delfín Rancier, alikuwa amepiga magoti kitandani kwa mama yake, analia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Yeye mtu mzima mwenye mvi, seneta wa mkoa, ambaye akipita barabarani wanaume hugusa kofia zao.

Walimzika siku ileile kabla jua halijazama, na matanga yakaanza. Kila alasiri rozari, mpaka siku ya tisa. Viti vya kuazima vikapangwa sebuleni. Watu wakaja, wakapiga magoti, wakala biskuti na jibini, wakaenda zao. Kama kuna aliyetazama ukutani, alitazama akanyamaza. Eudosia yeye hakutazama. Mwenye msiba hatazami ukuta. Anatazama kama sukari itatosha.

Jumamosi, watu wa rozari hawajaanza kufika, akaja Don Ramiro Checo. Huyu ndiye alikuwa mwenyekiti wa Chama mkoani, na Chama kilikuwa kimoja tu. Tena alikuwa kompadre wa nyumba: ndiye aliyemshika Filomena, binti pekee wa Delfín na Eudosia, kwenye maji ya ubatizo, na kompadre ni zaidi ya ndugu, maana ndugu unazaliwa naye tu, kompadre unamchagua mbele ya Mungu. Alivaa suti nyeupe ya kitani na utepe mweusi mkononi. Akamkumbatia Don Delfín, wakapigana migongo, akakaa kwenye kiti cha kubembea. Eudosia akamletea kahawa kwenye kikombe kidogo, sukari nyingi kama apendavyo, na wakati anamkabidhi akaona macho ya mgeni hayako kwenye kikombe. Yako ukutani. Akayafuata.

Roho ilimruka.

Pembeni mwa yale maua ya samawati ilichungulia ncha ya fremu ya dhahabu. Picha ya Mkuu, mtawala wa nchi. Kila nyumba ilikuwa na yake, hata vibanda vya wachuma kahawa vilikuwa na ile ndogo ya karatasi iliyobandikwa kwa uji wa wanga. Lakini ya nyumba ya seneta ilikuwa kubwa kuliko zote mkoani: Mkuu na nishani zake zote, na kofia yake ya manyoya, nyuma ya kioo safi. Don Ramiro mwenyewe ndiye aliyeileta, na ndiye aliyepigilia msumari.

"Kompadre," Don Ramiro akasema taratibu, akikoroga kahawa iliyokwisha kukorogeka, "mimi nilikuja kwa msiba mmoja. Kumbe nyumba hii inaomboleza wawili."

Don Delfín alikuwa hajainua kichwa tangu makaburini. Akajifuta macho kwa kiganja. "Umesema kweli, kompadre. Kufa kwake mama, naona kama na baba naye amekufa upya. Ni wawili. Tena huyu wa pili ndiye tuliyechelewa kumlilia."

Don Ramiro akamtazama kompadre wake kitambo, kama mtu anayetaka kuhakikisha masikio yake hayajamdanganya. Akamaliza kahawa mpaka machicha. Akasema poleni, Mungu awape nguvu, akachukua kofia, akatoka.

"Delfín," Eudosia akaita. "Hebu inua kichwa. Tazama pale."

Akatazama. Hakuelewa. Halafu akaelewa, na Eudosia akaona damu inavyomkimbia usoni, kuanzia paji la uso kushuka, kama maji yanayotoka kwenye beseni.

"Nimemwambia nini?" akauliza. "Dosia, mimi nimemjibu nini yule mtu?"

"Umemjibu ni wawili."

"Na nini tena?"

"Kwamba wa pili mmechelewa kumlilia."

Chepa akaitwa. Akaja na rozari yake shingoni, anatafuna kipande cha mkate wa muhogo, wala hana haraka.

"Mama Mdogo, nani amefunika picha hii?"

"Mimi. Nani mwingine humu ndani ana akili ya kufunika kitu?"

"Huyu ni Mkuu!"

"Namjua, nimeona hayo masharubu. Ana kioo au hana? Sasa roho ya Obdulia itajuaje kwamba kioo hiki ni cha mkubwa na kile ni cha kujipakia poda? Marehemu alikuwa haoni vizuri hata akiwa hai."

"Utaniua, Mama Mdogo."

"Mimi nimekupakata ukiharisha nguo zangu za misa, Delfín. Usinipandishie sauti mbele ya msiba."

Delfín akamshika mkewe mkono, akamvutia chumbani, akafunga mlango. Walikaa kando ya kitanda. Hawakuwa na haja ya kuelezana wanachokiogopa. Walikuwa wamelala nacho tangu siku ya kiapo cha useneta. Siku ile Eudosia alikuwa ameketi kwenye roshani ya wageni na kofia mpya, akasubiri kumwona mumewe anaingia ukumbini, akashangaa mbona wamechelewa. Walichelewa kwa sababu kila seneta, kabla ya kuonyeshwa kiti, alionyeshwa kalamu. Kulikuwa na karatasi imepigwa chapa tayari: mimi fulani najiuzulu uanachama wa Seneti. Tarehe haikuwapo. Sababu haikuwapo. Unatia saini, inawekwa wanakoijua wao, ndipo unakwenda kuapa kwamba utalitumikia taifa. Hakuna aliyekataa. Delfín naye hakukataa, maana kiti kile alikikalia baba yake zamani, kabla Wamarekani hawajaja na bunduki zao wakalifunga Baraza, na tangu utoto hakuwa na ndoto nyingine.

Siku wakitaka kumwondoa mtu, karatasi hutiwa tarehe. Mwenyewe haambiwi. Anakwenda kikaoni amepaka mafuta nywele, anakaa, anasikia katibu anasoma kwamba Baraza limepokea kwa masikitiko barua ya mheshimiwa, na huyo mheshimiwa ni yeye. Wenzake wanapiga makofi kukubali. Don Policarpo, seneta mmoja wa kusini, mtu mnene mcheshi aliyewahi kulala nyumba hii na akasifu mno mchuzi wa Eudosia, alisomewa yake huku anamnong'oneza jirani kichekesho. Alipotoka alimpa bawabu sigara. Gari lake lilikutwa bondeni chini ya daraja, na gazeti likaandika kwamba breki za siku hizi si za kuaminiwa.

"Kiti wakichukue," Delfín akanong'ona. "Lakini mimi nimesema Mkuu ni maiti, Dosia. Nimesema mbele ya Ramiro kwamba tumechelewa kumlilia."

"Hukujua."

"Nani atauliza kama nilijua?"

Alisimama ghafla, akafungua mlango, akaenda sebuleni kwa hatua ndefu na kulivuta lile shuka. Msumari ulikwaruza, fremu ikapinda, Mkuu akatokea amekaa upande kama mtu aliyelewa. Chepa akapiga ukelele. "Umemfungulia! Obdulia atabaki humu! Atabaki humu, na wewe ndiye atakayekugonga usiku!"

Na ndipo waombolezaji walipoanza kuingia. Mbele alikuwa Bi Leoncia, kiongozi wa rozari, mwanamke aliyezika nusu ya mji kwa mdomo wake. Akasimama kizingitini. Nyumba nzima ni shuka jeupe baada ya shuka jeupe: saa, kabati, hata Bwana Yesu, na katikati, peke yake, uso wazi unang'aa, Mkuu. Delfín amesimama chini yake na shuka mkononi kama mtu aliyekamatwa ameshika kuku wa jirani.

"Jana ilikuwa imefunikwa," msichana mmoja akasema nyuma.

"Funga mdomo," mama yake akamwambia. "Una wadogo zako."

Wakapiga magoti. Hakuna aliyejua aelekee wapi. Bi Leoncia akaanza Salamu Maria kwa sauti inayotetemeka, na watu wote, kwa woga wa kuonekana wamempa Mkuu mgongo, wakageuza magoti yao taratibu mpaka wakawa wanamsalia yeye.

Jumapili baada ya misa ikafika simu ya maandishi. Kikao maalumu cha Seneti, Jumanne asubuhi. Hakuna mheshimiwa anayeruhusiwa kukosa.

Eudosia aliisoma mara mbili akaikunja ndogo kabisa, kana kwamba ikiwa ndogo na maneno yatapungua. "Mwana haondoki kabla matanga hayajaanuliwa," akasema. "Hata wao wana mama. Andika kwamba unaomboleza."

"Nikikosa watasema nimegoma."

"Basi nenda kwa Filomena, mjini Santiago. Kutoka huko panda milima ukajifiche."

"Na viatu hivi? Na kifua hiki?" Akacheka, kicheko kibaya. "Nisipokwenda wanakuja hapa, na wewe umo, na Mama Mdogo yumo na mdomo wake ule. Nikienda, nakwenda mimi tu. Nipigie pasi lile shati la kola ngumu."

Akalipiga pasi. Alianza na mikono, akamalizia na kola, kama alivyofundishwa, na alinyunyiza maji kwa vidole, na baadhi ya maji yale hayakutoka kwenye bakuli. Jumatatu asubuhi gari la kukodi likamchukua. Chepa alimpaka msalaba kwenye paji la uso bila kusema neno, na kwa Chepa kunyamaza kulitisha kuliko ukelele.

Gari lilipopotea kwenye kona, Eudosia alivua aproni, akajifunga mtandio mweusi, akapitia nyuma, kwenye sakafu za kuanikia kahawa, mpaka mlango wa uani wa Don Ramiro.

Alimkuta anakula papai barazani. Mkewe, Doña Librada, alikuwa kando yake anajipepea. Librada alikuwa mwanamke mzuri, mwenye pete nyingi kuliko vidole, na katika karamu za serikali alikuwa na tabia ya kumkagua Eudosia kuanzia kofia hadi viatu, halafu kutabasamu.

"Komadre!" Don Ramiro akasimama. "Na jua hili! Librada, mpe kiti, mpe maji."

Eudosia hakukaa. "Umeshasema?"

"Kusema nini?"

"Kompadre, mimi nimekukaangia ndizi tangu huna viatu vya kwendea misa. Usinizungushe."

Akaweka kijiko chini. Akatazama ukuta wa uani, akatazama mlango, akapunguza sauti. "Bado. Taarifa yangu inaondoka leo."

"Ina nini?"

"Ina kilichoonekana. Komadre, kaa. Hunielewi. Rozari nzima imeona. Nisiposema mimi atasema mpiga kengele wa kanisa, atasema mwalimu, na swali la kwanza litakuwa: Checo alikuwa wapi? Alikaa chini ya lile shuka akanywa kahawa, mbona amenyamaza? Na mimi nina shingo. Mungu anajua nampenda Delfín, lakini shingo ninayo moja."

Alikuwa anatoka jasho. Eudosia hakuwa ametegemea hilo. Alikuja akidhani atamkuta nyoka, kumbe amemkuta panya kwenye mtego uleule, na jambo hilo, badala ya kumtuliza, lilimzidishia baridi mgongoni. Nyoka unaweza kumwomba.

Hata hivyo akasema aliyokuja kuyasema. Alikuwa ameyapanga njia nzima, kama mtu anayepanga mayai kwenye kapu.

"Basi tuma taarifa nyingine itangulie. Sema Delfín amefiwa na mama, amevunjika, hawezi tena kazi, anaomba apumzike. Barua yake wanayo. Haina tarehe, haina sababu. Watie tarehe ya kesho, na sababu waandike msiba. Isomwe kesho, iishe. Baada ya hapo mtu akileta habari ya shuka, ni shuka la nani? La mzee mmoja wa Moca anayelima kahawa. Hakuna seneta aliyemfunika mtu. Na wewe ndiye utakuwa umeliona jambo mapema ukalisafisha."

Don Ramiro akajifuta jasho shingoni.

"Na kiti," Eudosia akaendelea, "kiti kitabaki wazi. Chama ndicho hutoa jina. Mkoa huu mimi sioni jina lingine."

Upepeo wa Librada ukasimama hewani.

"Delfín anajua umekuja?" Don Ramiro akauliza.

"Hajui."

"Kiti kile kilikuwa cha baba yake. Akijua atakuchukia."

"Anichukie yuko hai."

Nzi alitua kwenye papai, hakuna aliyemfukuza. "Mimi siahidi kitu, komadre," akasema mwishowe. "Uelewe hivyo. Sijaahidi kitu na wewe hukufika hapa." Akachukua kofia yake msumarini, akatoka mlango wa mbele. Eudosia alimwona kupitia uwazi wa dirisha anashika njia ya posta, kwenye waya wa simu. Lakini maneno gani yalikuwa kinywani mwake, ya taarifa ya kwanza au ya pili, au yote mawili, hilo hakuna dirisha lingemwonyesha.

"Maji yako, komadre," Librada akasema, na kwa mara ya kwanza hakumtazama viatu.

Jumanne rozarini walikuja nusu ya watu. Jumatano alikuja Bi Leoncia peke yake, naye aliweka kiti chake karibu na mlango. Majirani waliokuwa wameazimisha viti walituma watu kuvichukua, eti kuna ubatizo. Ubatizo wa nani katikati ya wiki? Eudosia aliviona viti vinatoka kimoja kimoja, sebule inabaki tupu na Mkuu ukutani, kwani hakuna aliyethubutu kumgusa tena, wala kumnyoosha. Alisikia kila kitu: mbwa wa jirani, kwato za punda wa muuza mkaa, tawi linalokwaruza bati. Chepa alimlisha uji wa mahindi kwa kijiko kama mgonjwa.

"Mama Mdogo, kama hakurudi?"

"Kula."

"Je, kama ni mimi niliyemmaliza? Kama Ramiro ametuma yote mawili?"

"Mimi ndiye niliyepanda kigodani," Chepa akasema, na Eudosia akagundua kwamba yule mama kizee alikuwa anaogopa tangu Jumamosi, kwamba kelele zake zote zilikuwa za kuogopa. "Kula, mwanangu. Kama ni dhambi tutagawana."

Alhamisi mchana Eudosia alikuwa anachagua maharage. Akaona mtu anakuja kwa miguu kwa njia ya makaburini, kofia mkononi, viatu vimegeuka vyeupe kwa vumbi. Mwendo aliujua kabla ya uso. Maharage yalimwagika yote.

"Dereva alikataa kunifikisha mlangoni," Delfín akasema. Akakaa kwenye ngazi ya jikoni kama kibarua. Akaomba maji, akanywa, akaomba tena. Ile kola ngumu ilikuwa imelegea na kufanya ukingo mweusi.

"Walisoma?"

"Walisoma. Mwanzoni kabisa, hata kukohoa hakujaisha. Kwamba mheshimiwa Rancier anajiuzulu kwa sababu ya maombolezo ya mama yake mzazi." Akageuza glasi mikononi. "Wote wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, Dosia, viganja vinauma hadi leo. Halafu nikarudi kwenye nyumba ya wageni, nikakaa kitandani na viatu, nikangoja wanigongee. Sikuvua hata koti. Mlango wa jirani ukigongwa mimi nasimama. Hakuna aliyekuja. Kwa nini hawakuja? Na nani aliwaambia habari ya mama?"

Eudosia angeweza kunyamaza. Alifikiria kunyamaza. Lakini aliona jinsi anavyotazama lango kila anapomaliza sentensi, akajua kwamba asipomwambia ataendelea kungoja kugongewa mpaka afe. Akamwambia yote: mlango wa uani, papai, mayai yake kwenye kapu.

Delfín alisikiliza mpaka mwisho. "Umeuza kiti cha baba yangu," akasema, "kwa Ramiro Checo."

"Ndiyo."

"Bila kuniuliza."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

Akainuka, akaingia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango, na humo ndimo alimolala siku zile zote. Matanga yalianuliwa bila yeye kumsemesha mkewe. Walichinja mbuzi, wakapika na viazi vikuu na ndizi mbichi, watu wakarudi na viti vyao, maana habari ilikwisha kuenea kwamba Don Delfín amepumzika kwa heshima. Mashuka yakatolewa. Bi Leoncia akala sahani mbili.

Don Ramiro aliapishwa kabla mwezi haujaisha. Bendi ya mji ilimpokea, na Delfín alipelekewa ujumbe kwamba ingependeza aonekane. Akaenda, akasimama safu ya mbele, akapiga makofi. Aliporudi akapitia jikoni, akavuta kigoda, akasema akitazama moto, "Nipe kahawa." Ndilo neno la kwanza alilompa. Eudosia akampa, na hakumwuliza kitu, na usiku ule mto wake ulirudi ulipokuwa.

Haikuchukua siku nyingi Librada akaja. Alikuja asubuhi, kwa mlango wa uani, bila pete hata moja. Eudosia alimwekea kiti karibu na jiko na kumpa kahawa, na Librada akaikumbatia kwa mikono miwili kama mtu mwenye homa.

"Ramiro hali chakula," akasema. "Usiku anaamka anakaa. Amenikataza kununua kitambaa cheusi hata cha sidiria. Jana amemtoa mpishi kwa sababu aliimba anapofagia chini ya picha." Akashusha sauti. "Komadre, kabla ya kumpa kiti walimpa kalamu."

"Najua."

"Sasa tunafanyaje? Wewe ulikuwa unalalaje?"

Eudosia alitaka kumwambia kwamba mtu huzoea. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, uongo mzuri wa jirani kwa jirani. Lakini nje, upande wa barabara, gari lilikuwa linapanda mlima, na lilipofika usawa wa lango likapunguza mwendo.

Lilinguruma pale, halizimwi, haliondoki. Chepa uani akaacha kutwanga. Eudosia alikuwa ameshika birika, na mvuke ulimuunguza kifundo cha mkono na hakuuondoa. Akajikuta anaomba. Hakuomba lipite. Aliomba, Mungu amsamehe, liwe limemfuata Librada. Akainua macho na kumtazama komadre wake, akaona midomo yake nayo inacheza, haraka haraka, bila sauti, na macho yake yamemkazia yeye.

Gari likabadili gia, likateremka kuelekea sokoni.

Kinu cha Chepa kikaanza tena, polepole. Eudosia akasogeza kikombe cha mgeni, akakijaza mpaka ukingoni, na Librada akasema ahsante.